Goti la Mkimbiaji na Dumu la Lita 20

Chumba changu cha kazi kiko chini ya ngazi saba, na ngazi hizo hunipa nusu ya majibu kabla mgonjwa hajaketi. Mhasibu mmoja wa miaka 43 alizishuka Machi iliyopita kwa ubavu, kama kaa, mkono mmoja ukutani. Wiki mbili kabla alikuwa amesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, akamaliza, akapiga picha na medali, akarudi na goti lililokataa ngazi. Nilimpima, kisha nikamwomba achuchumae taratibu hadi mapaja yafike usawa wa magoti, halafu ainuke. Akanitazama.

"Daktari, kwani nimefanya kosa gani?"

Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, ila kusahihisha nimeshaacha. Swali lake nililielewa vizuri. Kwa sisi tuliosoma shule za hapa, kuchuchumaa na kuruka kichura ni mambo ya aliyechelewa mstarini. Kukimbia kuna kumbukumbu nyingine kabisa: mchakamchaka wa alfajiri, nyimbo, vumbi, kundi zima linakwenda kwa mguu mmoja. Klabu za joging zinazopita mitaani Jumamosi na fulana zao za sare ni mchakamchaka uleule uliokua ukapata ajira. Lakini waambie hao hao wabebe uzito wachuchumae, utaona sura zinavyobadilika. Miguu tumeizoesha kukimbia kwa raha na kujengwa kwa adhabu.

Kuhusu ile njia ya Moshi, wakimbiaji hulalamikia kupanda kuelekea Mweka. Magoti yao hulalamikia kushuka. Unapopanda, moyo na pumzi ndivyo vinavyoumia. Unaposhuka, pumzi inarudi, unajiona umepona, unaachia miguu, na hapo ndipo msuli wa mbele ya paja unapopewa kazi ngumu kuliko zote: kukaza huku unavutwa urefuke. Fikiria mtu anayeteremsha ndoo iliyojaa kisimani. Havuti kamba, anaizuia isimponyoke, inapita kiganjani kidogo kidogo. Kiganja chake huchubuka kuliko cha yule anayevuta. Nyuzi za msuli nazo huchanika vivyo hivyo, michaniko midogo sana, na maumivu yake hufikia kilele baada ya siku moja hadi tatu. Ndiyo maana baada ya mbio za Jumapili, Jumanne huwa mbaya kuliko Jumatatu.

Sasa tuweke hesabu, maana mhasibu alizitaka. Kila mguu unapotua katika kukimbia kwa kawaida, ardhi huurudishia nguvu ya takribani mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Yeye ana kilo 82. Kwa hiyo kila hatua ni kama kilo 200 hivi, juu ya mguu mmoja, kwa chini ya theluthi moja ya sekunde. Mkimbiaji wa mwendo wake hupiga hatua kama 1,000 kwa kilomita. Kwa kilomita 21, kila mguu hupokea mzigo huo zaidi ya mara 10,000. Msuli wa ndani wa shavu la mguu, ule mpana uliojificha chini ya ule unaoonekana, hukadiriwa kuzalisha nguvu ya mara sita hadi nane ya uzito wa mwili. Wakimbiaji wengi hawajui hata kama upo, achilia mbali kuufanyia mazoezi.

Nilimwambia asimame kwa mguu mmoja ainue kisigino juu kabisa na kukishusha, bila kupumzika, mpaka ashindwe. Kipimo tunachokitumia siku zote kwa mtu mzima mwenye afya ni kama mara 25. Mguu wa kushoto ulifika 14. Wa kulia, wenye goti bovu, ulifika tisa.

"Lakini mimi nakimbia siku nne kwa wiki," alisema, kama mtu aliyeonyeshwa salio lisilo lake.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Tunadhani kukimbia kunajenga nguvu ya kukimbia. Kunajenga pumzi, kunajenga uvumilivu wa msuli, na mifupa nayo inafaidika. Nguvu yenyewe, ule uwezo wa kubeba mzigo mkubwa mara moja, haipatikani kwa kurudia mzigo uleule mara elfu kumi. Kibarua anayepokezana matofali mojamoja kutwa nzima atakuwa hodari wa matofali. Mpe mfuko wa saruji wa kilo 50 uone. Na umri nao unachukua chake: baada ya miaka 30, mtu asiyefanya mazoezi ya nguvu hupoteza kama asilimia tatu hadi nane ya misuli yake kila muongo. Mhasibu alianza kukimbia akiwa na miaka 38, baada ya miaka 15 ya kiti cha ofisi. Pumzi yake ilikuja haraka, kwa miezi michache. Kano na mifupa huenda polepole zaidi. Kwa hiyo injini ilikuwa ya basi, springi za bajaji.

Kisa kinachosimuliwa karibu katika kila darasa la fani yetu ni cha Håkan Alfredson, daktari wa upasuaji wa mifupa kutoka Umeå, Uswidi. Alikuwa mkimbiaji, na kano yake ya kisigino ilimuuma kwa muda mrefu bila nafuu. Alitaka ipasuliwe, mkubwa wake wa kazi akakataa. Basi akaamua kuifanyia ukatili: ataipakia mzigo mpaka ikatike yenyewe, wasiwe na la kufanya ila kumpasua. Akasimama ukingoni mwa ngazi, akawa anashusha kisigino chini ya usawa wa ngazi, polepole, akiongeza uzito, maumivu yakiwepo. Kano haikukatika. Ilipona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya watu 15 wa michezo ya kujifurahisha, wastani wa umri miaka 44, waliokuwa na maumivu sugu kama yake. Walishusha visigino mara 15 kwa seti tatu, goti likiwa limenyooka na tena likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku kwa wiki 12, wakibeba begi la mgongoni lenye uzito kadiri walivyozoea. Wote 15 walirudi kukimbia.

Tafiti zilizofuata hazikupata ushindi safi kiasi hicho, na baadaye ilionekana kwamba kunyanyua mzigo mzito polepole mara tatu tu kwa wiki hufika palepale. Lakini wazo lilikuwa limegeuka. Kabla ya hapo, kiungo kinachouma kilipumzishwa. Sasa tunajua kwamba kano iliyodhoofika huhitaji mzigo, mzigo wa kipimo, ndipo ijipange upya.

Kuna faida nyingine wasiyoitarajia wengi. Mwaka 1999 Leena Paavolainen na wenzake huko Ufini waliwachukua wakimbiaji wazoefu, wakawapunguzia sehemu ya kukimbia na kuwawekea mazoezi ya nguvu ya kulipuka: kuruka, mbio fupi za kasi, kusukuma uzito kwa haraka. Baada ya wiki tisa muda wao wa kilomita tano ulipungua, ingawa uwezo wa mwili kutumia oksijeni haukupanda. Injini ni ileile, petroli inatumika kidogo. Mguu wenye nguvu hutua na kuondoka kama mpira uliojazwa upepo vizuri. Ule dhaifu hubonyea kwanza.

Sitaki kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia, kwa hiyo niseme na upande huu. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2014, uliokusanya majaribio 25 ya michezo mbalimbali, ulionyesha kwamba mazoezi ya nguvu yalishusha majeraha hadi chini ya theluthi moja. Kwa wakimbiaji wa masafa marefu peke yao, matokeo ni mchanganyiko. Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba programu nyingi walizopewa zilikuwa za mchezo mchezo: kuinua mguu hewani, kuvuta mpira laini, mara 30, huku mtu anatazama taarifa ya habari. Mguu uliozoea kilo 200 hauwezi kushtushwa na mpira wa kuvuta. Ukifanya uzito mdogo mara nyingi, umekimbia tena ukiwa umesimama pale pale.

Kwa hiyo mzigo mzito, mara chache, polepole. Na Mungu atupe nini, nchi hii kila nyumba ina dumu. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20 na ushee. La lita tano ni kilo tano, na la kumi liko katikati. Nilimwanzishia mhasibu la tano, amelikumbatia kifuani, anachuchumaa hadi makalio yaguse kiti na kuinuka. Wiki mbili za kwanza mara 10 hadi 12, ili viungo vijue njia. Baada ya hapo uzito unapanda na idadi inashuka: mara sita hadi nane, seti tatu, na kati ya seti unapumzika dakika mbili kamili, bila haraka. Kipimo cha uzito ni kwamba mara mbili za mwisho ziwe ngumu kweli, lakini umbo lisiharibike. Ukimaliza ya nane na bado unaweza kupiga soga, ongeza maji.

Zoezi la pili ni kuinama kwa nyonga, dumu kila mkono. Wengi hukunja mgongo. Mtazame mpalilizi mzoefu shambani: mgongo umenyooka, makalio yamekwenda nyuma, uzito unashikwa na misuli ya makalio na ya nyuma ya paja. Hiyo ndiyo misuli inayokusukuma mbele, na ndiyo iliyolala saa tisa za ofisi. La tatu ni kupanda kiti kifupi kilicho imara kwa mguu mmoja na kushuka kwa kuhesabu tatu. Kule kushuka ndiko kunakoiga Mweka. La nne ni la kisigino, ukingoni mwa ngazi, mguu mmoja, goti limenyooka kisha limekunjwa kidogo, maana ule msuli uliojificha hufanya kazi zaidi goti likikunjwa. Basi. Nusu saa, mara mbili kwa wiki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka kila mtu mzima afanye mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki, awe anakimbia au hakimbii.

Maumivu wakati wa zoezi si sababu ya kuacha mara moja. Yakiwa matatu kwa kumi, na kesho yake asubuhi goti likawa kama jana, endelea. Yakipanda kila siku, punguza. Ila kama kuna sehemu moja ya ugoko unayoweza kuibonyeza kwa kidole kimoja ukaruka, au goti limevimba, au maumivu yanakuamsha usiku, achana na dumu nenda ukapimwe. Mfupa wenye ufa hauna mjadala.

Mara nyingi hapo naulizwa: mbona Wakenya hawanyanyui vyuma? Wanafanya, kwa namna yao. Kambini Kaptagat, Eliud Kipchoge na wenzake wana vipindi vya mikeka na mipira ya kuvuta. Uzito wao ni mdogo kwa sababu mzigo mkubwa wanaupata kwingine: zaidi ya kilomita 200 kwa wiki, juu ya miguu iliyozoeshwa tangu utotoni. Kuiga sehemu nyepesi ya ratiba ya mtu huyo, huku umetoka kwenye kiti, ni kuvaa soksi zake ukadhani umevaa viatu.

Septemba 15, 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alipata dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Kwa Simbu, sehemu hizo tatu zilikuwa maisha. Mhasibu wangu alikuwa anaumiza goti ili atoke saa 2:14 aingie saa 2:10 kwa nusu ya umbali ule, na aliyengoja habari hizo ni simu yake. Nilimuuliza angependa kuwa anafanya nini akiwa na miaka 65. Alifikiri, akasema kukimbia na binti yake, na kuinuka mkekani bila kushika mtu. Basi tukabadili ratiba: siku nne za kukimbia zikawa tatu, na siku mbili za dumu. Mtu mwenye siku tatu tu za mazoezi kwa wiki namshauri hata moja ya hizo aipe nguvu. Klabu za joging hazinipendi kwa ushauri huu.

Kufikia Juni mguu wa kulia ulifika mara 21, wa kushoto 24. Ngazi zangu saba anazishuka uso mbele. Muda wake wa nusu marathoni sijui umekuwaje, hajasema nami sijauliza. Wiki iliyopita alinipigia akiwa na malalamiko mapya: maji mtaani kwao yamekatika tangu Jumanne, na mkewe amechukua madumu yote mawili, kila anapoyagusa anaulizwa kama anataka familia ioge jasho lake. Nikamuuliza binti ana kilo ngapi.

"Kumi na nane."

Nikamwambia ambebe mgongoni, ila kwenye kile kiti kifupi ashuke kwa kuhesabu tatu. Nyuma ya simu nilimsikia mtoto akianza kuhesabu.