Maji ya Njombe na Visu vya Fizi

Kila mpishi wa kata ya Ramadhani, mjini Njombe, ajua kwamba maharage humkalisha jikoni muda mrefu kuliko yanavyomkalisha wifi yake aliyeolewa Dar es Salaam. Sababu si kuni mbichi wala baridi ya Julai, bali ni mwinuko: mji umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na maji huchemka yafikapo kiasi cha digrii 93, wala hayapandi zaidi hata ukichochea moto namna gani, ilhali pwani hufika 100.

Jambo hilo la jikoni lamhusu sana mtu atakayepasuliwa fizi, kwani wako hata leo waaminio kwamba kisu kilichotokoswa sufuriani kimetakasika. La hasha. Viko vijidudu vijifungiavyo ndani ya gamba vikastahimili maji ya kuchemka kwa saa nyingi, hata huko pwani, na dawa yake ni mvuke ulioshindiliwa ndani ya mtungi hata ukafika digrii 121, kwa muda usiopungua dakika 15, zihesabiwe tangu joto hilo lilipofikiwa, si tangu moto ulipowashwa. Na hapo pia mwinuko hudai haki yake: mtungi usomwao kwa mshale wa shinikizo, ambao pwani hutosheka na ratili 15 kwa inchi ya mraba, Njombe hauna budi kufikishwa 18 hivi, na Makambako, iliyo chini kidogo, pungufu ya hapo kidogo. Mashine mpya zenye kipimajoto hujirekebisha zenyewe.

Lakini kabla ya mvuke ni brashi. Vikwangulio, koleo, na mikasi iliyoachamishwa husuguliwa majini hata kwenye maungio, maana damu iliyokauka huwa ngao ya vijidudu. Kisha hukaushwa na kufungwa katika pakiti zenye tepe ibadilikayo rangi, ambayo hushuhudia kwamba joto limepita, wala haishuhudii kwamba brashi ilipita.

Mgonjwa naye hakimbizwi kisuni. Kwanza huondolewa ukoga uliogeuka jiwe, akafundishwa kupiga mswaki, akaachwa majuma kadhaa, ndipo hupimwa tena mfuko uliofunguka baina ya fizi na jino: usiozidi milimita 3 ni wa afya, uliobaki na 5 au zaidi, tena watoa damu, ndio wa kufikiriwa upasuaji. Huulizwa habari za presha, kisukari, mimba, tumbaku, na dawa za kuzuia damu kuganda, ambazo asiziache kwa shauri lake mwenyewe. Wala hatakiwi kufunga, kwa kuwa ganzi ni ya sindano ya fizini tu. Anywe uji wake, hasa mwenye kisukari, asije akazirai kitini kwa njaa.

Ndipo husukutua dawa ya klorheksidini, fizi zikatiwa ganzi, na pakiti, ikiwa kavu, tepe yake imepiga mistari myeusi, ikafunguliwa mbele ya macho yake.