Kuomba Ruzuku ya Afya: Andiko Lianzie Kwenye Rejista

Nkome, wilayani Geita, ni makazi ya wavuvi kando ya Ziwa Victoria. Kichocho huambukizwa katika maji yale yale wanamochota na kufulia, na mvuvi anayehama mwalo hadi mwalo hukatiza kwa urahisi dawa za kufubaza VVU. Kumfuata huko kunahitaji boti, na boti huhitaji fedha.

Milango ipo. Tangu 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita huchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI kupitia Kili Challenge, upandaji wa Mlima Kilimanjaro unaoendeshwa pamoja na TACAIDS. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 nayo yanautaka mgodi ukubaliane na halmashauri, kila mwaka, mpango wa huduma kwa jamii. Kwa hiyo ombi la zahanati lianzie kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, si getini kwa mgodi.

Andiko linalofungua kwa kusema magonjwa ni mengi halisemi kitu. Lenye uzito hutoka kwenye rejista za MTUHA: wangapi walianza dawa, wangapi hawakurudi, na wa mwalo upi. Bajeti itaje petroli, posho, na hasa matengenezo ya injini, ambayo husahaulika mno hata boti ikalala ufukweni. Tena ieleze nani atanunua petroli ruzuku itakapokwisha, kwani mgonjwa aliyezoea kufuatwa, siku boti isipofika, hubaki bila dawa.