Nambari ya mteja si mali yako: Hasla, jipange kutunza data za watu

UNAUZA viatu vya mtumba Instagram. Au unaoka keki Umoja, unasuka nywele Kasarani, unapiga picha za harusi, na oda zinaingia kwa WhatsApp kila siku. Hongera, kazi ni kazi. Lakini kuna kitu kingine unachopokea mbali na pesa. Kila mteja anakuachia jina lake, nambari ya simu, mtaa, ploti, nambari ya mlango, na pengine saa anazokuwa nyumbani.

Sasa jiulize: hayo yote yako wapi wakati huu? Yako kwenye simu ambayo haina hata namba ya siri? Kwenye daftari lililoachwa wazi kaunta? Au yako kwa jamaa wa boda boda uliyemtumia orodha nzima ya wateja, ilhali alikuwa anapeleka mizigo mitatu tu?

Vijana wengi wakisikia maneno "ulinzi wa data", akili inakimbia kwa benki na kampuni za simu. Wanadhani hayo ni mambo ya watu wa suti. La hasha. Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika Novemba 2019, haiulizi biashara yako ina ghorofa ngapi. Inauliza jambo moja: Je, wewe ndiye unayeamua data za watu zikusanywe kwa nini na zitumike vipi? Kama jibu ni ndiyo, una wajibu. Nguvu ya sheria hiyo inatoka kwa Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya faragha.

Ni kweli kwamba biashara inayoingiza chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na yenye wafanyakazi wasiozidi tisa haihitajiki kujisajili kwa Kamishna wa Data, isipokuwa iwe katika sekta fulani kama vile afya, elimu au mikopo. Hapo ndipo wengi huteleza. Kuondolewa mzigo wa kujisajili si sawa na kuondolewa mzigo wa kutunza data. Hata ukiwa peke yako na simu moja, siri ya mteja bado iko mikononi mwako.

Ukidhani ni vitisho vya bure, tazama yaliyotokea Septemba 2023. Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza klabu ya Casa Vera Lounge, Nairobi, faini ya Sh1.85 milioni. Kosa? Kuweka mitandaoni picha ya mteja aliyekuja kujivinjari, bila idhini yake. Roma School ikapigwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila wazazi kukubali. Kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za mikopo za KeCredit na Faircash, nayo ikatozwa Sh2.975 milioni kwa kutumia majina na nambari za watu ilizopata kwingine, kisha kuwatumia jumbe na simu za vitisho.

Angalia vizuri kesi hizo. Hakuna mdukuzi hapo aliyevunja kompyuta za mtu usiku wa manane. Ni picha iliyopostiwa, ni nambari iliyotumiwa vibaya. Mambo ambayo wewe na mimi tunaweza kuyafanya kabla ya saa nne asubuhi.

Na faini si jambo baya zaidi. Fikiria msichana anayeishi peke yake Roysambu, ambaye amekupa jina la ploti na nambari ya mlango ili aletewe rinda. Orodha yako ikifika kwa mtu mwenye nia mbaya, huyo msichana hatapoteza pesa tu. Anaweza kulazimika kuhama. Anaweza kuanza kupokea meseji usiku kutoka kwa mtu asiyemjua, anayejua anakolala. Yeye alitaka rinda tu.

Kwa hivyo ufanye nini? Huhitaji wakili wala mtaalamu wa kompyuta kuanza.

Kwanza, omba kile unachohitaji pekee. Kama unapeleka keki, unahitaji jina, nambari na mahali. Tarehe ya kuzaliwa ni ya nini? Nambari ya kitambulisho je? Data ambayo hukuichukua haiwezi kuibwa kwako.

Pili, mwambie mteja kwa nini unaichukua. Sentensi moja kwenye fomu yako au WhatsApp inatosha kuanzia: "Nambari yako nitaitumia kuleta mzigo huu tu, kisha nitaifuta." Ukitaka kumtumia matangazo ya ofa, muulize waziwazi. Mtu aliyenunua soksi mwezi wa tatu hakukuruhusu kumtumia promo kila Ijumaa, na hakika hakukuruhusu kumwingiza kwenye grupu la WhatsApp ambako wateja 200 wanaiona nambari yake. Na hata akikubali leo, ana haki ya kubadili nia kesho. Akisema "nitoe", mtoe bila maswali.

Tatu, funga mlango. Weka namba ya siri kwenye simu na uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp, barua pepe na Instagram. Kama mmeajiriwa watatu dukani, si lazima wote watatu waone kila kitu. Mwenye boda boda apewe anwani ya mzigo alioubeba, basi.

Nne, futa. Sheria inasema data isikae kwako kuliko inavyohitajika. Zile oda za mwaka juzi zilizojaa kwenye simu yako zinafanya nini huko? Weka siku moja kila mwezi ya kusafisha. Bakisha tu rekodi unazohitaji, kwa mfano za ushuru.

Tano, picha uulize kwanza. Mteja amependeza na nywele ulizomsuka, unataka kuringa mtandaoni. Sawa, lakini muulize, na jibu lake libaki kwa maandishi, kwa sababu kukizuka mzozo, wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha kwamba alikubali. Akiwa mtoto, idhini itoke kwa mzazi au mlezi.

Na simu ikiibwa River Road ikiwa na orodha yote? Usinyamaze. Kama kuna hatari ya kweli kwa wateja, sheria inakupa saa 72 tangu ulipojua kuripoti kwa Kamishna, na wateja wenyewe pia waelezwe. Kusema "sorry, simu imeibwa, mtu akiwapigia akijifanya mimi msimtumie pesa" kunauma, lakini kunaokoa watu. Mteja anasamehe wizi. Kufichwa ndiko hasamehi.

Usisahau kwamba nawe ni mteja wa mtu. Kila ukiingia jengo fulani mjini, bawabu anakusukumia kitabu uandike jina, nambari ya kitambulisho na ya simu, na juu ya jina lako unasoma za watu kumi waliokutangulia. Una haki ya kuuliza zinakusanywa kwa nini na nani atazisoma. Una haki ya kuomba kuona data zako zilizo kwa kampuni yoyote, zirekebishwe zikiwa na makosa, na zifutwe kama hazina kazi tena. Apu ya mkopo ikitaka kuona nambari za jamaa na marafiki zako wote, jiulize shangazi yako kule Busia anahusika vipi na deni lako la Sh2,000.

Ukidhulumiwa, piga picha za jumbe hizo, hifadhi tarehe, kisha uwasilishe malalamishi kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, hata kupitia mtandao. Sheria inaipa ofisi hiyo siku 90 kuchunguza na kukamilisha malalamishi.

Leo jioni, kabla hujaanza kuskroli, fungua simu yako na utafute oda ya kwanza kabisa uliyowahi kupokea. Kama nambari na nyumba ya huyo mtu bado vipo, na mzigo alishaupata kitambo, unajua pa kuanzia.