Kumwomba mtunzi konserto ya fanfari

Ndugu mapadri, wafratri na makatekista, ikiwa parokia moja ya Dilolo ina fanfari na mpiga tarumbeta hodari, yaweza kumwomba mtunzi konserto mpya. Konserto ni nini? Ni muziki ambamo mmoja anatangulia na wengine wanamjibu, sawa na mwanzishaji na waitikiaji katika nyimbo za wazee wetu. Mwaka 1924, huko Paris, Stravinsky alipiga piano mwenyewe katika konserto yake, na vyombo vya kupuliza vikamwitikia.

Kwanza, mtunzi ajue hesabu ya wapigaji, vyombo vyao na nguvu yao. Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano II uliwaomba watunzi wafikiri hata kwaya ndogo. Muziki unaopita nguvu ya wapigaji utalala sandukuni.

Pili, mpatane kwa maandiko juu ya malipo, siku ya kumaliza, na nani ana haki juu ya kazi. Missa Luba inatufundisha. Kule Kamina, mwaka 1958, Padri Guido Haazen aliongoza kwaya, na mwalimu Joachim Ngoi aliimba peke yake mbele ya wenzake. Mengi yalitoka vinywani mwao, si karatasini. Dunia ikaisikia, lakini wengi wanajua jina la Padri tu. Je, ni haki?

Kwa hiyo andikeni majina ya wote, mtunzi na wapigaji, mbele ya siku ya kwanza. Mfanya kazi anastahili mshahara wake, na jina lake pia.