Fahamu: Kwa nini kahawa ya Isansa hupelekwa ghalani ikiwa na ganda

Msimu wa mavuno wilayani Mbozi, mkoani Songwe, wakulima wa Isansa hupeleka kahawa kwenye vyama vya ushirika (AMCOS) ikiwa bado na ganda. Kwa nini isikobolewe mapema?

Ganda hili ni lipi?
Si ngozi nyekundu ya tunda. Hiyo huondolewa kwenye mashine ya kumenya. Punje huchachushwa ili utelezi uachie, huoshwa, kisha huanikwa kwenye vichanja. Linalobaki ni ganda jembamba, gumu, la rangi ya maziwa, lililoifunika punje kama deraya.

Linakinga nini?
Punje iliyokobolewa hunyonya unyevu na harufu haraka. Ikikaa karibu na dizeli au mbolea, muonjaji atajua kikombeni. Ganda hupunguza hatari hiyo, na hukinga punje isichubuke wakati wa kubeba magunia.

Kinga hii huharibikaje?
Mashine ya kumenya ikikazwa kupita kiasi, hupasua ganda na kukwaruza punje. Kuanika chini nako huleta vumbi na ukungu. Kahawa iliyokauka vizuri hubaki na unyevu wa takriban asilimia 11 hadi 12: ganda huvunjika kwa vidole, na punje huonekana ya kijani chenye ubuluu.

Huvuliwa lini?
Kiwandani, kabla ya kupangwa madaraja na kusafirishwa nje. Kilo 100 za kahawa ya maganda hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi, yaani iliyokobolewa, kwa hiyo mkulima anapolinganisha bei, aulize kwanza: ni ya maganda au ya safi?