Viganja Visivyokauka

Mwanafunzi huweka kitambaa chini ya mkono ili karatasi ya mtihani isilowe. Anayesajili laini ya simu hufuta kidole kwenye nguo, akakifuta tena, na mashine ikakataa kusoma alama zake. Watu hawa huambiwa ni waoga, au kuna jambo wanalificha. Wanaonewa.

Mwili una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, na zimesongamana zaidi viganjani na kwenye nyayo. Tezi za viganja huitikia hisia kuliko joto, zikiamriwa na mishipa ya fahamu ambayo hatuiendeshi kwa hiari. Kwa mwenye haipahidrosisi, yaani kutokwa na jasho kupita kiasi, tezi zenyewe hazina kasoro. Amri ndizo zilizozidi. Hali hiyo huanza utotoni au wakati wa kubalehe, na mara nyingi yupo ndugu mwingine aliye nayo. Wasiwasi huichochea, ila hauizai.

Akilala, viganja vyake hukauka. Kwa hiyo jasho linalolowesha shuka usiku ni jambo jingine kabisa. Likiandamana na kukonda au homa, apimwe kifua kikuu. Jasho la mwili mzima lililoanza ghafla ukubwani nalo lahitaji vipimo, vikiwemo vya sukari na thairoidi.

Dawa ya kwanza ya viganja hutumia ukavu wake wa usiku. Ni alumini kloridi, kwa kawaida ya asilimia 20, ambayo huziba midomo ya vijitundu vya jasho. Ukiipaka mchana, jasho huisukuma nje kabla haijashika. Ukiipaka kwenye ngozi yenye unyevu, hutoa asidi inayowasha, na hapo ndipo wengi huitupa. Usiipake mara tu baada ya kunawa. Subiri mikono ikauke kabisa, paka wakati wa kulala, osha asubuhi. Fanya hivyo kila usiku mpaka jasho lipungue, kisha punguza. Naamini wengi wanaosema haifai waliipaka saa isiyofaa.

Isipotosha, kuna tiba ya umeme: mikono hulowekwa kwenye maji ya bomba yanayopitisha mkondo wa miliampia 15 hadi 20, kwa dakika 20 au zaidi, mara kadhaa kwa wiki. Mjamzito na mwenye kifaa cha kuendesha moyo hawaruhusiwi. Na mtu asithubutu kujiundia mtambo huo kwa umeme wa nyumbani, utamuua.

Sindano za botulinamu hukausha mikono kwa miezi kadhaa, ingawa zinauma na hulegeza mshiko kwa muda. Vidonge hukausha kinywa pia, na hupunguza jasho ambalo mwili unalihitaji juani.

Upasuaji wa kukata mshipa wa fahamu kifuani ningeuweka mwisho kabisa. Mikono hukauka siku ileile, lakini kwa wengi jasho huhamia mgongoni, tumboni na mapajani, na kilichokatwa ni vigumu kukirudisha. Mkazi wa Tanga au Mombasa, kwenye joto lile, amuulize daktari kabla ya kutia saini: jasho la mgongo likinizidi, utanitibuje?