Siku saba chini, bila kusema

Ndugu wachimbaji, kwenye matanga yetu hapa Bunia mutu anafika, hajakaa vizuri, anauliza: "Walimuua nani? Ni watu wa kabila gani?" Tangu 1999 tunaona vile vita inazaliwa upya pale pale kwenye viti vya matanga.

Juzi tulilia mwenzetu aliyeuawa kwenye barabara ya Mongbwalu. Mzee mmoja akafungua kitabu cha Ayubu. Huyo alifiwa na watoto kumi siku moja. Rafiki zake watatu walikuja, wakararua nguo, wakakaa naye chini siku saba, usiku na mchana, kimya. Walipofungua midomo tu, wakaanza kumlaumu. Hapo ndipo waliharibu.

Wayahudi wangali na desturi hiyo. Kisha kuzika, familia inabaki nyumbani siku saba kwenye viti vifupi, nguo imepasuliwa kifuani. Mgeni haanzi kusema mpaka mfiwa aseme. Chakula cha kwanza kinatoka kwa majirani, mayai ao dengu. Sisi pia tunaleta bugali, sombe na mchango. Kwa ile hatuko nyuma. Ni kinywa ndiyo kinatushinda. (Na siku saba, PDG gani wa shimo atatupa?)

Basi tukanyamaza, hata vijana wenye hasira. Giza ilipoingia, mjane akasema: "Sururu yake na nguo za kazi ziko bado kule shimoni. Watoto wanaziuliza."

Vijana wawili wakasimama, wakasema watazifuata asubuhi.